Kilele Hakina Mwenyewe

Mwanza imejengwa juu ya mawe. Nyumba zimepanda vilima vya Bugando na Mabatini hadi katikati ya majabali, na ndani ya maji ya Ziwa Viktoria, jirani na kivuko cha Kamanga, limesimama jiwe linaloitwa Bismarck mpaka leo, ingawa kansela huyo wa Ujerumani hakuwahi kukanyaga Afrika. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nacho kilitendewa vivyo hivyo. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer wa Leipzig alifika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyebobea katika milima ya Alpi. Akapaita mahali pale kwa jina la Kaisari Wilhelm, akachukua jiwe na kumpelekea mtawala huyo. Hapo ndipo linapozaliwa swali ninaloliona zito: mtu akifika juu ya mlima, anapata haki gani juu yake?

Nasema hapati haki yoyote, na dini zetu zinaniunga mkono. Katika kitabu cha Kutoka, mlima wa Sinai unawekewa mipaka na watu wanakatazwa hata kuugusa. Musa anapanda kwa sababu ameitwa, na anashuka na amri zilizo za watu wote. Katika Kurani, Mola anapojidhihirisha kwa mlima, mlima unavunjikavunjika na Musa anaanguka amezimia. Hakuna anayeondoka na hati ya kumiliki. Wachaga, walioishi chini ya Kibo vizazi kwa vizazi, walikiheshimu bila kuona haja ya kusimama juu yake. Kutofika hakukuwapunguzia kitu.

Wapo watakaosema jina ni alama tu, kwamba wavuvi wetu hupita kando ya jiwe lile bila kumfikiria Bismarck. Ni kweli, lakini aliyelipa jina hilo hakukusudia alama tu. Alikusudia wanaoishi hapa wajue wako chini ya nani. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: nasi tumekiita kilele hicho Uhuru. Mwanajeshi Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge huko usiku wa kuamkia uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, je, hatukufanya lilelile? Nadhani tofauti ipo, na ni kubwa. Meyer aliondoa kitu kileleni akampelekea mtu mmoja. Mwenge ulipelekwa juu ili mwanga wake uwe wa walio chini, na jina lenyewe halimtaji mwenye mali.

Wala sisemi watu wasipande. Njia za Marangu, Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe zinalisha familia nyingi, na uchovu wa mita 5,895 unaweza kumfundisha mtu unyenyekevu zaidi kuliko hotuba. Ninachokataa ni neno "kuushinda mlima". Hata Meyer hakufika kwa miguu yake peke yake: walikuwapo wapagazi, na Mwini Amani wa Pangani aliyekaa nao katika kambi ya juu penye baridi kali. Leo mpagazi hubeba mzigo ambao kwa kanuni za hifadhi haupaswi kuzidi kilo 20, anawatangulia wageni kambini, anasimamisha mahema kabla hawajafika. Cheti cha kufika Uhuru kinamtaja mgeni. Ingekuwa haki, hata kwa mistari michache, waandikwe humo pia waliombebea maji, chakula na hema.