Fumbo na Siri

Miaka michache iliyopita mhariri mmoja alinituma Mara nikaandike makala ya maeneo kumi ya ajabu ambayo msafiri hapaswi kuyakosa. Nikapanda basi Mwanza, nikapita Bunda, nikashukia Musoma nikiwa na kamera na haraka zangu.

Nilianzia ufukwe wa Matvilla. Pale mawe makubwa yamebebana kando ya Ziwa Victoria, moja limekaa juu ya jingine kana kwamba kuna mtu aliyelipandisha. Wanajiolojia wana jibu. Mwamba ulipasuka ukiwa bado chini ya ardhi, maji yakapenya kwenye nyufa na kuulainisha, kisha mvua za miaka mingi mno zikaondoa udongo, yakabaki mapande magumu. Yaani mawe hayakupanda, ardhi ndiyo iliyoshuka. Nilipoelewa hivyo, nikayapenda zaidi.

Kesho yake nikaenda Butiama. Wageni wengi hufika Mwitongo, alipozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alipozikwa Oktoba 1999, wakaona makumbusho na kaburi, wakaondoka. Mimi nilitaka msitu wa Muhunda ulio jirani, ambao wazee wa Kizanaki wanasema ni makao ya mzimu unaowalinda.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, kijana.”

Nikamwomba niingie nikapige picha. Hakunikatalia. Aliniuliza tu, “Hicho unachokitafuta humo, ukikipata utakifanyia nini?”

Nilibabaika. Jibu la kweli lilikuwa: nitajaza namba 7 kwenye orodha. Nikaona aibu kulisema, nikarudisha kamera kwenye begi.

Tangu siku ile nimekuwa nikitenganisha fumbo na siri. Fumbo linangoja mfumbuzi, na likifumbuliwa halipungukiwi kitu, kama yale mawe ya Musoma. Siri ina mwenyewe. Ukiichukua bila ruhusa, hata kwa picha tu, umechukua cha mtu.

Huko Australia, Waanangu waliwaomba wageni kwa miaka mingi wasipande mwamba wa Uluru, kwa kuwa kwao ni mahali patakatifu. Upandaji ulifungwa rasmi Oktoba 26, 2019. Siku za mwisho watu walipanga foleni ndefu ili wawahi kupanda. Foleni ile inanisumbua, maana najua hata mimi ningeweza kuwemo. Wengi wetu tukiambiwa mahali pana mwiko, hamu ndiyo kwanza inapanda.

Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na kazi yangu ni kufichua. Mkoani Mara huku huku, ukeketaji nao hujificha nyuma ya neno mila, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Ningesema kila siri iheshimiwe, ningekuwa nimemwacha binti huyo peke yake gizani. Kwa hiyo swali haliwezi kuwa “je, hii ni siri?” Swali ni: nani anaumia siri hii ikitunzwa? Katika ukeketaji anaumia mtoto, na hapo kunyamaza ni kushiriki. Kwa Muhunda, wa kuumia nilikuwa mimi na orodha yangu.

Najua kipimo hiki hakimalizi ubishi. Wapo watakaosema msomaji naye ana haki ya kujua dunia yake. Sawa, ana haki ya kujua kwamba msitu upo na kwamba una wenyewe, ndiyo maana nimeutaja, kama wenyewe wanavyoutaja kwa wageni. Haki ya kujua haimfungulii kila mlango.

Nilipeleka maeneo tisa. Mhariri akapiga simu: “Mbona la kumi halipo?”

Nikamwambia lipo, ila sikuingia. Akanyamaza kidogo, kisha akabadilisha kichwa cha habari kikasomeka maeneo tisa.