Kuweka Bure, Kutoa kwa Bei

Nisikilizeni, wajukuu zangu. Sikuja kuwagombeza juu ya simu. Anayekumbuka jinsi mkulima alivyouza mahindi Kibaigwa, akafunga noti kwenye pindo la kanga ya mkewe na kupanda lori la usiku bila kusinzia hata kidogo, hawezi kuitukana M-Pesa iliyoingia nchini mwaka 2008. Naanza na neno moja, nalo nalisema kwa sababu nawasikia kila jioni pale kwenye kibanda cha wakala: "Kuweka ni bure." Mnalitamka kama watu waliopewa zawadi.

Ni kweli, ukimpa wakala 50,000, simu yako inasoma 50,000. Lakini hebu tazameni upande wake. Noti zenu zimeingia kwenye droo, na floti yake, yaani salio lake la simu, imepungua kwa kiasi kilekile. Kwa kazi hiyo kampuni inamlipa kamisheni, na kampuni haichimbi pesa kwenye kilima cha Mlimwa. Inazipata kwenye ada mtakazokatwa siku ya kutuma na siku ya kutoa, na juu ya ada hizo serikali nayo ina ushuru wake. Kwa hiyo bure mnayoisifu imeahirishwa tu. (Wakala akikudai ya kuweka mkononi, nje ya mtandao, huyo anajitafutia chake. Chukua pesa zako uende kibanda kingine.)

Sasa fuateni safari ya pesa ya kijana mmoja wa hapa kwetu. Ameuza zabibu Mpunguzi, amelipwa taslimu. Anaziweka kwa wakala wa mtandao, bure. Usiku anakumbuka ana akaunti ya benki kwenye simu, anazihamishia huko: makato. Ijumaa anataka kununua dawa ya kupulizia, anazirudisha kwenye simu: makato. Anafika kwa wakala kutoa: makato. Pesa imezunguka na kurudi kuwa noti zilezile, imepungua, na hakuna ilichonunua. Angeipeleka mara moja kwa wakala wa benki yake, akaiacha huko mpaka siku ya kazi, angeokoa hatua mbili. Siku hizi benki nyingi kubwa zina mawakala vijijini, na mashine zao zinatoa risiti. Risiti hiyo msiitupe chini kama ganda la karanga. Ndiyo ushahidi wenu muamala ukikwama.

Na nyie wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likitoka mnatoa elfu tano asubuhi, elfu tano mchana, elfu kumi jioni. Ada za kutoa zimepangwa kwa madaraja, na madaraja ya chini ndiyo yanayouma zaidi ukilinganisha ada na kiasi kinachotolewa. Kaeni na karatasi ya viwango, ile iliyobandikwa ukutani kwa wakala ambayo hakuna anayeisoma, mpige hesabu ya wiki nzima. Baadaye mnawapigia wazazi Mpwapwa kuwaambia: "Tumeni na ya kutolea." Ninyi ndio mliofanya "ya kutolea" kuwa mahitaji, sawa na unga na mafuta ya taa.

Viwango vyenyewe havikai. Mnakumbuka tarehe 15 Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya ada za kampuni? Nchi nzima ilipiga kelele, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Aliyekuwa amezoea kuuliza bei kabla ya kubonyeza aliona mapema. Aliyezoea kubonyeza kwanza alijua baada ya kukatwa. Bei unaweza kuiuliza kabla hujaweka namba ya siri, lakini vidole vyenu vina haraka.

Kuna ujanja mwingine nauona, nao unanitia hofu kuliko makato. Mtu anakwepa ada ya kutuma, anamwambia wakala: "Niwekee moja kwa moja kwenye namba ya fulani." Ni hila ya kuokoa shilingi mia chache. Tarakimu moja ikikosewa, pesa imeenda kwa mtu usiyemjua, na kwenye kumbukumbu za kampuni muamala ule si wako, ni wa wakala na mpokeaji. Utalalamika ukiwa nani? Ukituma mwenyewe, jina la mpokeaji linatokea kabla hujathibitisha, na ukikosea una pa kuanzia. Lipeni ile ada, wanangu.

Nisije nikasahau: Wagogo wa zamani hawakulaza ng'ombe wote kwenye zizi moja. Waliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame au sotoka ikipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki na mbegu. Benki nayo ni zizi: Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo, kwa kukosa mtaji wa kutosha. Mwenye amana aliyekuwa na fedha nyingi alilindwa na Bodi ya Bima ya Amana mpaka shilingi 1,500,000 tu kwa wakati huo. Zaidi ya hapo alisubiri ufilisi ukamilike. Leo kinga hiyo ni 7,500,000 kwa mwenye amana katika benki moja. Hesabu hiyo ni ya mwenye zizi kubwa, nakubali, lakini chama chenu cha kukopeshana kinaweza kuifikia msimu mmoja wa alizeti ukienda vizuri.

Na si kila programu yenye nembo inayong'aa ni benki. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu isiyojulikana Benki Kuu, msiweke humo hata ya chumvi.

La mwisho ni la nyumbani. Namba ya siri si ya kugawa, hata kwa mke, hata kwangu. Lakini mwenye akaunti akifariki, benki haimpi pesa aliyeshika simu yake. Inampa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na msimamizi hawezi kudai asichojua kuwa kipo. Sisi tuliacha vitabu vya akiba sandukuni, vikakutwa baada ya matanga. Programu iliyo ndani ya simu iliyofungwa haikutwi na mtu. Kwa hiyo leo, kabla hamjalala, mwambieni mama yenu mnatumia benki gani. Jina la benki tu. Salio libaki lenu.