Karatasi za Mzee na Amri ya Nane

Jumapili moja baada ya Misa ya pili, binti wa mzee mmoja wa parokia yetu alitufuata sisi wa halmashauri ya walei akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na karatasi za baba yake za utumishi wa vita. Alituomba jambo moja: tuandike barua ya kuthibitisha kwamba baba yake alistahili nishani ambayo haimo katika kumbukumbu zake, ili makosa yarekebishwa angali hai.

Mzee huyo alikwenda Kagera. Mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuikalia sehemu ya ardhi yetu, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba tutapigana. Pamoja na askari wa Jeshi la Wananchi waliitwa mgambo kwa maelfu kutoka vijijini, na yeye alikuwa mmoja wao. Alitoka huku kwenye Ziwa Tanganyika kwenda kupigana kando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo hakuwa na ndugu hata mmoja. Wenzake aliokwenda nao walivikwa nishani ya vita. Yeye jina lake halikuonekana. Siku ya kujiandikisha alitaja jina la ukoo, na baadaye akaitwa kwa jina la ubatizo. Kwa wanaosoma karatasi peke yake, hao ni watu wawili: mmoja alikwenda vitani asipewe kitu, na mwingine hakwenda kabisa.

Tulidhani kazi hiyo ingetuchukua nusu saa. Ilituchukua vikao vitatu, maana swali lililojitokeza lilikuwa zito kuliko barua yenyewe. Je, Mkristo anapaswa kudai heshima yake?

Mwenzetu mmoja alisema wazi kwamba hapaswi. Alitukumbusha fundisho la Bwana kwamba tukitoa sadaka, mkono wa kushoto usijue linalofanywa na wa kuume. Alitukumbusha pia yule mtumwa ambaye, baada ya kutimiza yote aliyoagizwa, anakiri kwamba amefanya tu lililompasa. Mungu anayajua majina yote, alisema, na kitabu chake hakina makosa ya mwandishi. Ya nini basi kumhangaisha mzee kwa ajili ya kipande cha chuma na utepe?

Hoja hiyo tuliiheshimu, na bado tunaiheshimu. Kiburi kinaweza kuvaa nguo ya haki. Tunawajua watu wanaosimulia mema yao mpaka wema wenyewe unachakaa. Lakini tuliporudi kwenye Maandiko tulikuta mambo mawili yaliyotuzuia kuufunga mjadala.

La kwanza ni habari ya Mordekai katika Kitabu cha Esta. Mordekai aliokoa maisha ya mfalme, jambo hilo likaandikwa katika kitabu cha kumbukumbu, kisha likasahauliwa. Usiku mmoja mfalme alikosa usingizi, akataka asomewe kitabu hicho, na aliposikia habari ile aliuliza Mordekai alipewa heshima gani. Akajibiwa kwamba hakupewa chochote. Mordekai hakuwa amedai kitu. Aliyekuwa akiitamani heshima ni Hamani, ambaye mfalme alipomuuliza afanyiwe nini mtu anayestahili kuheshimiwa, alidhani ni yeye mwenyewe anayesemwa. Hapo tuliona kwamba kuna maswali mawili. Kutamani heshima ni jambo moja, nalo ni la kuogopwa. Kumwona mtu hakupewa alichostahili na kukaa kimya ni jambo jingine, na lawama yake haimwendei aliyesahauliwa. Inatuendea sisi tunaoweza kukifungua kitabu.

La pili ni Paulo kule Filipi. Yeye na Sila walipigwa hadharani bila kuhukumiwa, na asubuhi wakubwa wa mji wakatuma ujumbe kwamba waachiwe waende zao kimyakimya. Paulo alikataa, akataka wakubwa wenyewe waje kuwatoa. Hatuoni kwamba alifanya hivyo kwa majivuno. Kama angeondoka kimya, waumini wachanga wa Filipi wangebaki wakijulikana kama wafuasi wa mhalifu. Kumbukumbu ya uongo juu ya mtu mmoja huwaangukia pia walio nyuma yake.

Historia ya nchi yetu inalithibitisha hilo. Mwaka 1964, baada ya kifo cha jenerali Lettow-Vorbeck, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari Waafrika waliompigania katika Vita vya Kwanza vya Dunia na ambao walikuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba mhasibu alifika Mwanza na fedha, wakajitokeza wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na hati zao. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, na wengine hawakuwa na kitu. Mhasibu akampa kila mzee fagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Hakuna aliyeshindwa. Karatasi zilikuwa zimepotea kwa karibu miaka hamsini, lakini mikono ilikumbuka.

Ni simulizi ya kufurahisha, nasi tulicheka tulipoisimulia kikaoni. Kisha mama mmoja akauliza: na wapagazi je? Tukanyamaza. Katika vita ile, walioibeba mizigo ya majeshi ya pande zote walikuwa wengi kuliko walioshika bunduki, na walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Mpagazi hana gwaride la kuonyesha kwa fagio. Amri ya kumtambulisha ni ipi? Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, lakini wanunuzi wangapi sokoni hapo wanalijua hilo? Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita. Wajane wao walikwisha kufa bila kuambiwa waume zao wamelala wapi.

Basi hatuwezi kusema kwamba kumbukumbu za wanadamu ni kitu kidogo kwa sababu Mungu anayo yake. Mungu hakosi kitu tunaposahau. Anayekosa ni mjane, ni mtoto, ni kijiji. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na daftari lenye kosa ni shahidi wa uongo anayeendelea kusema kila linapofunguliwa, hata kama aliyeliandika hakuwa na nia mbaya.

Sisi wa Karema tunalo kaburi linalotufundisha jambo hili. Adrien Atiman alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi akauzwa kama mtumwa, akakombolewa, akasomea uganga Malta, kisha akaja kwenye misheni hii ambayo Wamisionari wa Afrika waliianzisha mwaka 1885 katika boma lililojengwa na Wabelgiji. Alitibu watu na kufundisha dini hapa mpaka alipofariki mwaka 1956. Alipewa nishani enzi za uhai wake. Hazikumwongezea mgonjwa hata mmoja aliyepona. Zilichofanya ni kusema kweli kwamba wagonjwa hao walipona, na mikononi mwa nani. Hiyo ndiyo kazi ya nishani: ni ushuhuda. Na ushuhuda hupimwa kwa kitu kimoja tu, kama ni wa kweli.

Hapo ndipo mzee wetu alipotushinda sote. Tulipokwenda nyumbani kwake kumsomea rasimu ya barua, tulimkuta amekaa barazani. Tukamwamkia shikamoo, akatuitikia, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Wanangu, mmesahau kosa la pili.” Karatasi yake moja inasema kwamba alikuwamo hadi Kampala ilipotekwa, Aprili 1979. “Mimi Kampala sikufika. Niliugua Masaka, nikarudishwa.”

Binti yake alishtuka. “Baba, hilo nalo la nini? Hakuna anayeuliza.” Hata sisi, tukiri, tulitamani aliache. Kosa hilo lilikuwa upande wake, na tulihofu kwamba kuligusa kungeiharibu safari nzima. Mzee akajibu kwa upole kwamba waliofika Kampala anawajua, na wengine hawakurudi. Kama hilo litabaki, basi hata la nishani liachwe kama lilivyo.

Tulirudi kimya. Swali letu la vikao vitatu lilikuwa limepata jibu barazani. Anayetafuta sifa hutaka kumbukumbu irekebishwe upande mmoja, pale inapompunguzia. Anayetafuta kweli hutaka irekebishwe pande zote, hata pale atakapopungukiwa. Kila mmoja wetu anaweza kujipima kwa kipimo hicho kabla hajapanga foleni kwenye ofisi yoyote kudai haki yake.

Barua tuliiandika upya. Hatukuthibitisha kwamba alivikwa nishani wala kwamba aliahidiwa, kwa sababu hatukuwapo. Tulithibitisha tunayoyajua: kwamba daftari la ubatizo la parokia linaonyesha majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kwamba wazee watatu walio hai walimwona akiondoka na wakampokea aliporudi. Tukaandika pia, kwa ombi lake, kwamba aliishia Masaka. Katika daftari la ubatizo jambo jipya linapojulikana hatufuti mstari wa zamani. Tunaandika pembeni, tunaweka tarehe na sahihi, ili atakayesoma aone yote mawili. Tuliomba karatasi zake zitendewe vivyo hivyo.

Majibu hayajaja. Mzee ana umri mkubwa na macho yake yamefifia, na huenda majibu yakamkuta ametangulia. Hilo linatuumiza, hasa tukikumbuka kwamba tumesali naye kanisa moja kwa zaidi ya miaka arobaini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza aliona nini. Tulingoja bahasha.

Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Mwaka huu, kabla ya siku hiyo, tunaziomba jumuiya zetu ndogo ndogo ziwatembelee wazee waliokwenda Kagera, na wajane wa waliokwenda. Tuwaulize majina yao yote, walikopita na waliokuwa nao. Tuandike wanayosema kama wanavyosema, bila kuwaongezea na bila kuwapunguzia, tusome mbele yao tulichoandika, nao waturekebishe.