Sindu, Eshindu, Kitu

Mazishini kule Kitale, mzee mmoja wa Mumias alipoomba akimwita Were, shangazi yangu aliniinamia sikioni: "Huyo amemkosea Mungu jina." Yeye ni Mbukusu wa Bungoma. Kwake Mungu ni Wele, Wele Khakaba, basi. Sikumjibu pale, jeneza lilikuwa mbele yetu. Lakini mimi hufundisha lugha, na Jumapili huhubiri, na neno lile halikuniacha nilale.

Tofauti kama hiyo ya Were na Wele imejaa katika lugha zetu. Kitu, Mbukusu huita sindu. Mumias ni eshindu. Mmaragoli husema kindu. Penye ki- kwa mmoja pana si- kwa mwenzake, neno baada ya neno, na hakuna baraza la wazee lililokaa kupitisha hivyo. Hata kitabu, neno la Kiarabu, lilipofika kwetu lilidhaniwa lina kiambishi ki-, likawa sitabu. Mumias likawa eshitabu. Kitabu tunachoapia mahakamani kiliukubali mdomo wa mwenyeji. Naamini utaratibu huo hautoki kwa binadamu, na anayeuita kosa anamsahihisha aliyeuweka.

Tena kosa la namna hiyo limewahi kuua. Katika Waamuzi 12, watu wa Yeftha walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke Shibolethi. Mwefraimu, adui yao, alisema Sibolethi, akachinjwa. Watu 42,000. Nimehubiri mara nyingi juu ya Yeftha na binti yake, na kila mara nilivipita vivuko vile mbio. Sasa naona swali lilikuwa pale mtoni: mtu ana hatia gani kwa sauti aliyoinyonya pamoja na maziwa ya mamaye? Na kama hana hatia mbele ya Mungu, sisi tunamhukumu kwa sheria ya nani?

Juma lililofuata nilipanda matatu, Kiminini, Kamukuywa, hadi Bungoma. Nilimkuta shangazi uani akipukuchua mahindi. Nikamsomea sura ile polepole, kisha nikamwomba alitamke neno lenyewe.

Aliweka hindi chini, akapangusa midomo kwa upindo wa leso.

"Siboleti."

Akajisikia. Akajaribu tena, akiuvuta ulimi nyuma, shingo imemkakamaa.

"Siboleti." Akanitazama. "Wangeniua?"

"Wangekuua, shangazi."

Alilichukua lile hindi, akalipukuchua lote mpaka likabaki gunzi. Ndipo akaniuliza yule mzee wa Mumias anaitwa nani.