Amepona, Lakini Amerudi?

Sisi wa Masasi na Newala tunaujua ukoma tangu zamani, na desturi ya kumtenga mwenye ugonjwa huo twaijua pia: kibanda chake pembeni, sahani yake, kata yake. Siku hizi dawa ipo, tena hutolewa bure, na mgonjwa huimaliza kwa miezi 6 au 12. Akiisha kuianza, baada ya muda mfupi hawezi tena kumwambukiza mtu. Basi swali linalobaki si la waganga, ni letu. Mtu ambaye vijidudu vimekwisha mwilini mwake, lakini hapana anayemwita kulima, wala kupika arusini, wala kukaa katika shauri la ukoo, je, amepona?

Wako wataalamu wanaojifunza swali hili hasa. Kazi yao huitwa tiba kwa vitendo, na hufundishwa Moshi, penye hospitali ya KCMC. Daktari huuliza, "Unaumwa wapi?" Hawa huuliza, "Ulikuwa ukifanya kazi gani, na sasa nini kinakuzuia?" Ukoma huharibu mishipa ya fahamu, hata mtu hushika sufuria ya moto asisikie, akaungua. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuuzungushia nguo au mpira mpini wa jembe, na kutafuta viatu vyenye soli laini ndani. Hayo si magumu.

Ugumu huanza atokapo hospitali na kuingia kijijini. Fikirini Newala. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida. Chemchemi ziko chini, na mabomba yakikauka hapana budi kushuka mteremko ule mrefu na kupanda tena na ndoo kichwani. Mama asiye na hisia katika nyayo atarudi na vidonda asivyovijua. Mtaalamu aweza kumpatia viatu. Hawezi kumpatia jirani wa kumwambia, "Dada, nipe ndoo yako niteke mimi, nawe nishikie mtoto." (Kubangua korosho mbichi asipewe, maana mafuta ya ganda lake yatamchoma kabla hajajua.)

Angalieni maneno yale, "nishikie mtoto." Wengi wetu hupeleka chakula mlangoni pa mtu wa namna hiyo, na si vibaya, njaa haingoji. Lakini anayepokea kila siku asiombwe kitu hata siku moja, amefanywa mgeni katika kijiji chake. Wengine husema kumtaka afanye kazi ni kumwonea. Huenda, lakini nani amemwuliza? Hata Bwana wetu hakumponya mwenye ukoma akamwacha njiani. Alimgusa, kisha akamtuma kwa kuhani, ili watu wampokee.

Padre Robin Lamburn, aliyetumika miaka mingi katika Dayosisi ya Masasi, hakupumzika uzeeni. Alikwenda Kindwitwi, Rufiji, akakaa kijijini pamoja na wenye ukoma mpaka alipofariki mwaka 1993. Si kila mtu ataweza hivyo, wala haidaiwi. Ila zamu za kufagia kanisa huandikwa na sisi wenyewe, na za kupika sikukuu pia. Zitakapoandikwa tena, mtu mmoja aende nyumbani kwake akamwulize apenda zamu ipi.