Mishale Miwili Katika Utando wa Seli

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya dini imeyarithi kutoka karne za kati ni lile la kama kiumbe, kikishaumbwa, hudumu kwa nguvu zake chenyewe, au huhitaji kushikiliwa kila nukta ili kisirudi katika kutokuwepo. Kwa kawaida swali hilo hujadiliwa kwa mifano ya nyota na mianga. Hapa linajadiliwa kwa mfano wa protini moja, pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyomo katika utando wa karibu kila seli ya mnyama. Na linajadiliwa kutoka uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, mahali ambapo kutengana kwa elementi hizo mbili kumeandikwa katika ardhi yenyewe.

Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na upande wa mashariki uwanda hukatika na kuporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa, lililo chini yake kwa mita 1,000 hivi. Mvua za Ufipa huyeyusha madini ya miamba, lakini hazitendei elementi zote sawa: sodiamu huchukuliwa na maji kwa wepesi, ilhali potasiamu hunaswa na udongo wa mfinyanzi na kunyonywa na mimea. Kwa kuwa Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, na maji yake hupungua kwa kugeuka mvuke, sodiamu iliyoteremka hubaki humo na kulifanya ziwa kuwa la magadi. Ndiyo maana mkulima wa uwandani, aliyekula ugali wa ulezi na maharage, alipata potasiamu tele na sodiamu haba, na chumvi ikawa bidhaa ya safari ndefu, kutoka Uvinza upande wa kaskazini au Ivuna kusini mwa ziwa, ambako uchimbaji wa kiakiolojia umeonyesha kwamba watu walitengeneza chumvi karne nyingi kabla ya ukoloni. Ivuna hiyohiyo, kwa bahati tu, ndiko kilikoanguka kimondo cha mwaka 1938 ambacho wanasayansi hukithamini kwa kuwa mchanganyiko wa elementi zake unakaribiana mno na ule wa Jua. Na katika mchanganyiko huo atomu za sodiamu huzizidi za potasiamu kwa takriban mara 15. Maada ya ulimwengu, kwa jumla, imeelemea upande wa sodiamu. Seli hai, kwa ndani, imeelemea upande wa pili.

Kila seli imezungukwa na utando, yaani ngozi nyembamba mno ya mafuta, ambayo ioni haziwezi kuipenya kirahisi. Ioni ni atomu iliyopoteza au kupata elektroni na hivyo kubeba chaji ya umeme. Katika majimaji yaliyo nje ya seli, sodiamu hufikia takriban milimoli 140 kwa lita na potasiamu 4 tu; ndani ya seli mambo hugeuka, potasiamu ikawa takriban 140 na sodiamu kati ya 10 na 15. Tofauti hiyo haijilindi yenyewe, kwa sababu utando una vijia vya protini ambavyo ioni huvuja kupitia kwavyo, na ioni zikiachwa huelekea kule ziliko chache mpaka pande zote zilingane. Kinachozuia ulinganifu huo ni pampu, ambayo Jens Christian Skou wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, aliigundua katika neva za kaa na kuitangaza mwaka 1957, akapata kwa ajili yake sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Mtu aliyejilaza bila kufanya lolote hutumia kati ya sehemu moja ya tano na robo ya nishati ya mwili wake kuiendesha.

Namna pampu inavyozishika ioni na kuzivusha yafaa ielezwe bila haraka, kwa kuwa hoja zinazofuata zinaitegemea. Katika umbo lake la kwanza pampu imefunguka kuelekea ndani ya seli, na katikati yake zipo nafasi tatu zilizozungukwa na atomu za oksijeni, ambazo zimekaribiana kiasi cha kuitosha ioni ndogo ya sodiamu. Ioni iliyo majini huwa imevikwa molekuli za maji, na haiwezi kuketi katika nafasi hiyo mpaka iyavue. Oksijeni za protini ndizo zinazoshika mahali pa maji yale, zikiipa ioni mshiko unaolingana na ule ilioupoteza. Ioni tatu za sodiamu zikishakaa, molekuli iitwayo ATP, ambayo seli huitumia kubebea nishati, huiachia pampu fosfeti moja, nayo fosfeti hujifunga kwenye asidiamino ya aspatiki, na mlango wa ndani hufungwa. Hapo, kwa kitambo kifupi mno, sodiamu haimo ndani wala haiko nje, kwa maana milango yote miwili imefungwa. Na kazi nzima inasimama juu ya hali hiyo, kwa sababu milango ikifunguka pamoja protini hiyo hugeuka kuwa tundu, na ioni zote zilizokusanywa kwa gharama humwagika. Kisha protini hugeuza umbo na kufunguka kuelekea nje. Zile oksijeni huachana kidogo, sodiamu hulegea na kutoka, na mbili kati ya nafasi tatu, zikiwa sasa na upana unaoifaa potasiamu, hupokea ioni mbili za potasiamu. Kuingia kwa potasiamu huifanya fosfeti iachiliwe na mlango wa nje ufungwe, na ATP nyingine inapojishikiza, pampu hurudi katika umbo la kwanza na kuitua potasiamu ndani. Katika joto la mwili wa binadamu pampu moja hurudia mzunguko huu takriban mara mia moja au zaidi kwa sekunde.

Kuna uchaguzi hapa, lakini hakuna mchaguzi. Nafasi zilezile huipendelea sodiamu katika umbo moja na potasiamu katika umbo jingine, na upendeleo huo si ujuzi, bali ni vipimo vya mwachano wa atomu. Msomaji wa Thoma wa Akwino atakumbuka upesi ile njia ya tano katika Summa Theologiae, inayosema kwamba vitu visivyo na akili hutenda kwa kulenga mwisho fulani, na kwamba haviwezi kuulenga isipokuwa vimeelekezwa na mwenye akili, kama mshale unavyoelekezwa na mpiga upinde. Ni vigumu kupata mfano unaoikaa hoja hiyo vizuri kuliko pampu, na haishangazi kwamba wahubiri wenye vitabu vya biolojia mikononi huikimbilia.

Lakini uko mshale wa pili, na huu si wa mfano. Katika msafara wa Zambezi ulioongozwa na David Livingstone kuanzia mwaka 1858, daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk, ambaye baadaye Zanzibar ilimjua kama konsuli wa Uingereza, alichukua sampuli za sumu ya mishale iliyotengenezwa kwa mbegu za mmea wa Strophanthus, ambao aina zake humea Tanzania pia. Mswaki wake uligusana na sumu hiyo, naye alipoutumia akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Mwaka 1888, Ufaransani, sumu ya jamii hiyohiyo iliyotumiwa na wawindaji wa Kisomali ilichujwa na kupewa jina la ouabain. Mwaka 1953 Hans-Jürg Schatzmann alionyesha kwamba sumu za aina hii huzuia chembe nyekundu za damu zisivushe sodiamu na potasiamu. Leo inafahamika kwamba molekuli ya sumu hiyo hujipenyeza kwenye pampu kutoka nje, katika lile umbo lenye fosfeti, ikakaa katika mfereji wa ioni na kuukaza. Inaenea humo kama ilivyoenea sodiamu katika nafasi zake, na kwa sababu za namna ileile.

Anayeitegemea njia ya tano hawezi, basi, kuhesabu mshale mmoja na kuuacha mwingine. Ikiwa kuenea kwa sodiamu katika nafasi yake ni ishara ya mlengaji, kuenea kwa sumu nako ni ishara, na mlengaji amelenga pande zote mbili. Jibu kwamba dawa za jamii hiyo, kama digoksini, huutia nguvu moyo dhaifu zikitolewa kwa kiasi kidogo, ni jibu la kweli kitabibu, lakini halimwondolei swala aliyechomwa mshale wa sumu mauti yaliyomkuta. Kinachoonyeshwa na pampu ni kwamba vitu huoana. Kwamba huoana kwa wema, hilo halimo katika utando, na anayelitaka sharti alilete kutoka kwingine.

Yako mafundisho mengine ya Thoma, yasiyopendwa sana na wahubiri, ambayo pampu inayafaa zaidi. Katika kitabu kilekile anafundisha kwamba Mungu huvihifadhi viumbe katika kuwepo kwao kama jua linavyoihifadhi nuru hewani, kiasi kwamba uhifadhi ukikoma kiumbe nacho hukoma. Wanateolojia wa Kiashari, katika Uislamu, walikwenda mbali zaidi, wakasema kwamba sifa za vitu huumbwa upya kila nukta. Na Muislamu yeyote aliyehifadhi Ayatul Kursi anajua kwamba humo kuzilinda mbingu na ardhi kumetajwa kuwa jambo lisilomlemea Mwenyezi Mungu. Ulinzi unaofanywa na kiumbe, kinyume chake, hulemea: hugharimu ATP, na ATP hugharimu chakula. Wafipa hulijua jambo hili shambani, kwa kuwa matuta yao ya duara, waliyoyaita intumba, ambamo nyasi hufukiwa zioze ili zirutubishe udongo unaolowana na kuchujwa na mvua, hayawi mali ya kudumu ya ardhi bali hufanywa upya kwa jembe. Kwa mtazamo huu uhai haufanani na kitu kilichowekwa mwilini kikabaki humo. Unafanana zaidi na tofauti inayolindwa. Picha ya Mungu kama fundi wa saa, aliyeitengeneza na kuondoka, ndiyo inayoathirika zaidi, maana saa iliyosimama hubaki saa, ilhali seli ambayo pampu zake zimesimama huvimba maji na kuanza kuharibika.

Hata hivyo, Thoma na Waashari hawasemi jambo moja, na pampu inaonyesha wanapoachana. Kwa Thoma, Mungu huhifadhi kwa kuviachia viumbe visababishe kweli, kwa hiyo pampu ni sababu halisi ya potasiamu kubaki ndani. Kwa Ghazali, mmoja wa Waashari, mfuatano wa mambo ni desturi ya Mungu tu, na pampu haina nguvu yoyote ya kwake. Hakuna jaribio la maabara linaloweza kuwaamulia, kwa kuwa wote wawili wanatazamia matokeo yaleyale. Lakini anayesema kwamba pampu haisababishi kitu anabaki na deni la kueleza kwa nini desturi ya Mungu ipitie milango miwili isiyofunguka pamoja, wakati ingeweza kuivusha ioni bila mlango wowote.

Swali la uhifadhi huwa zito zaidi pale unapokoma, yaani katika kifo. Kati ya mwaka 1889 na 1956, Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alihudumu Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari Malta, na kuwa tabibu na katekista kwa wakati mmoja. Kazi zake mbili zilikutana kitandani mwa anayefariki, ambapo katekista huulizwa roho imetoka lini na tabibu huulizwa moyo umesimama lini. Alifariki mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya makala ya Skou, na kile ambacho makala hayo yaliongeza ni kwamba swali la tabibu halina jibu la nukta moja: seli za ubongo hushindwa kuendesha pampu baada ya dakika chache za kukosa oksijeni, nyingine hukawia, na potasiamu huendelea kuvuja polepole kwenye ute wa jicho kwa saa nyingi, hata wataalamu wa uchunguzi wa maiti huipima ili kukadiria muda uliopita tangu kifo. Mnamo Novemba 1957, Papa Pius XII alipowahutubia wataalamu wa dawa za usingizi, alisema kwamba kuitambua nukta ya kifo ni kazi ya daktari na si ya Kanisa. Hilo lilimpunguzia mwanateolojia mzigo mmoja na kumwachia mwingine ulio mzito zaidi, kwa kuwa anayefundisha kwamba roho ni umbo la mwili mzima bado hajaeleza mwili huacha kuwa mzima pale pampu ngapi, na za kiungo kipi, zinaposimama.