Aliyeona Ujumbe Ana Deni Gani?

Mtu akitaka kuzisoma teknolojia za kijamii, yaani vyombo na mipango ambayo watu huitumia kuarifiana, kuitana na kubebeana mizigo, Buxton, mtaa wa Mombasa, ni mahali pazuri pa kuanzia. Jirani yake, huko Tudor, kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoanza maisha yake kwa jina la MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojengwa kwa michango: Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, kila mmoja alitia fungu lake. Ukivuka daraja la Nyali unafika Kengeleni, penye kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875. Husimuliwa kwamba kengele hiyo ilipigwa kila watekaji watu walipoonekana wakija. Na Buxton penyewe, nyumba za zamani za baraza la mji zimebomolewa katika miaka hii ya 2020 ili kupisha ghorofa za Buxton Point. Mchango, kengele, mtaa: vyote vitatu vilibuniwa na watu kabla ya simu, na vyote vitatu vililazimika kujibu swali ambalo simu imelirudisha kwa nguvu mpya. Habari ikimfikia kila mtu kwa wakati mmoja, nani hasa anadaiwa?

Tuchukue tanzia, maana hakuna habari inayokwenda mbio Mombasa kuliko ya msiba. Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: fulani bin fulani amefariki, mazishi ni baada ya Alasiri, maziara ya Kikowani. Kundi lina watu mia tatu; tangu mwaka 2022 linaruhusiwa kufika 1,024. Nusu saa haijapita na skrini imejaa rambirambi, viganja vilivyokunjuliwa kwa dua, na amin juu ya amin. Kisha mtu anaanzisha orodha ya mchango: moja, jina, elfu, mbili, jina, mia tano. Kila anayetuma pesa hunakili orodha nzima, hutia jina lake chini, huirudisha. Wawili wakinakili kwa dakika moja, namba 14 hutokea mara mbili, na atakayenakili baada yao atamwacha mmoja nje. Hapo ndipo unapoona ujumbe ulioandikwa kwa haraka kuliko zote: mbona mimi simo? Orodha hiyo, kwa hakika, inasimamiwa vizuri. Sasa uliza nani amekwenda kununua sanda, nani amempigia mwosha, nani atakaa na mjane wanaume wakishaondoka na jeneza. Kwa hayo kundi halina orodha.

Fiqhi inaiita mizigo ya aina hii faradhi ya kifaya. Swala tano humdai kila mtu na nafsi yake. Hakuna wa kumswalia mwenziwe. Kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni deni la umma: wakilitimiza wa kutosha, wengine wote wamesalimika, lisipotimizwa na yeyote, dhambi inawaenea wote waliojua na wakaweza. Wanausuli, yaani wanazuoni wa misingi ya fiqhi, walijadiliana sana juu ya nani hasa anaelekezwa wito huo. Wengi walisema wito unamwelekea kila mmoja, kisha humwondokea kwa kitendo cha wengine. Wengine wakasema unawaelekea baadhi tu, ila baadhi hao hawakutajwa. Imamu al-Juwayni aliona kuwa kuisimamia faradhi hii kuna fadhila zaidi kuliko ya mtu binafsi, kwa sababu anayeitenda huwavua wenzake wote lawama. Na al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, alileta rai ambayo naiona ndiyo kitovu cha suala zima: mwenye uwezo anadaiwa kitendo, na asiye na uwezo anadaiwa kumsimamisha yule anayeweza. Kwa mtazamo huo nafasi ya mtazamaji haipo kabisa. Aliye mgonjwa kitandani, asiyeweza hata kuinua jeneza, bado ana kazi ya kusema: wewe fulani, nenda.

Kuna sharti jingine la wanausuli linalotugusa zaidi sisi wenye simu. Walisema mzigo humwondokea mtu akiwa na dhana yenye nguvu kwamba wengine wameshalifanya jambo. Yakini haikushurutishwa, lakini dhana tupu haikukubaliwa. Lazima iwe na dalili ya kuiegemea. Katika mtaa wa nyumba za chini dalili zilikuwa za macho na masikio: baraza limejaa watu, jeneza limetolewa msikitini, mtu ameonekana akipita na bafta ya sanda chini ya kwapa. Kundi la simu hutoa dalili za namna nyingine. Tangu Novemba 2014 WhatsApp huonyesha alama mbili za buluu ujumbe unaposomwa. Alama hizo zinashuhudia kusoma tu, na rambirambi mia tatu hazishuhudii zaidi ya hapo. Hata hivyo ndizo tunazoziegemea. Watu wameshajua, tunasema, na katika kichwa cha mtu mwenye shughuli zake, kujua kwa watu hugeuka kimyakimya kuwa kutenda kwa watu. Kabla hatujalaumu ubaridi wa nyoyo, tuone kwamba hapa kuna hoja mbovu tu: dalili ya jambo moja imechukuliwa kuwa dalili ya jambo jingine.

Ushahidi wa kosa hili upo, na ulikusanywa mbali na misikiti. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Kila mwanafunzi aliketi chumbani peke yake akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti. Katikati ya mazungumzo mmoja wao alisikika akishikwa na kifafa. Sauti ilikuwa imerekodiwa, lakini wao hawakujua. Walioamini kuwa ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutoa taarifa kabla sauti haijakatika. Walioamini kuwa wenzao wanne wengine wanasikia pia, waliotoka ni asilimia 31. Na wale waliobaki vitini hawakuwa na moyo wa jiwe. Walikutwa wakitetemeka, viganja vimelowa jasho, wakiuliza kama mgonjwa yuko salama. Kila mmoja alikuwa ameingoja ile baadhi isiyotajwa.

Mtu atapinga, na ana haki, kwamba jaribio la chumbani si maisha. Mwaka 2019 Richard Philpot na wenzake walitoa utafiti wa picha za kamera za barabarani kutoka Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Waliziangalia ghasia 219 za hadharani na kukuta kuwa katika takriban tisa kati ya kila kumi alijitokeza angalau mtu mmoja kuamua. Tena kadiri watazamaji walivyozidi, ndivyo uwezekano wa msaada ulivyozidi. Je, si kweli basi kwamba wingi ni heri, na kundi la watu elfu ni bora kuliko mtaa wa watu mia? Nadhani tafiti hizi mbili hazigombani kama zinavyoonekana. Barabarani watu wanaonana. Ukiona hakuna aliyesogea, unajua hakuna aliyesogea, na miguu yako inapata jibu. Vyumbani kila mmoja alijua wenzake wanasikia, lakini hakuona wanachofanya. Kundi la simu lina wingi wa barabarani na upofu wa vyumbani. Kengele ya Freretown nayo, kwa masimulizi yale, iliwafikia wote kwa mara moja, lakini iliita watu waliokuwa wanaonana, na mlio wake ulikuwa na maana moja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni pesa. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mchango wa msiba haumngoji mtu afike. Kijana aliye Dubai au Muscat hutuma fungu lake kwa jamaa kabla maiti haijatoka hospitali, na familia iliyokuwa ikikopa sanda sasa huweza kulipa gari, kaburi na chakula cha wageni. Atakayedharau haya hajui msiba wa maskini. Nakubali kabisa, na zaidi: pesa ni mzigo unaogawanyika. Mia tano mara mia mbili ni laki moja, na watu mia mbili wanaweza kuibeba bila hata mmoja kuinama. Lakini ndiyo sababu pesa imefanikiwa kwenye simu kuliko kitu kingine chochote. Kuosha hakugawanyiki mafungu mia mbili. Kukaa na mfiwa usiku hakutumwi kwa namba. Teknolojia imechukua ile sehemu ya faradhi iliyokubali kukatwa vipande vidogo, ikaifanya nyepesi, na wepesi huo umetupa hisia kwamba faradhi nzima imetimia. Aliyetuma mia tano amefanya jambo jema. Anachokosea ni kuhesabu kuwa sasa hadaiwi.

Orodha yenyewe nayo ina mtihani wake. Aya ya 271 ya Surat al-Baqara inaisifu sadaka ya wazi na kuiona ya siri kuwa bora zaidi ikimfikia fukara. Watetezi wa orodha hushika nusu ya kwanza: uwazi huwahamasisha wengine na humlinda mshika fedha asishukiwe. Ni kweli, na mshika fedha asiye na hesabu ni fitina inayongoja siku yake. Ila uwazi wa hesabu hauhitaji jina la kila mtu na kiasi chake mbele ya watu mia tatu, ambao mmoja wao ni yule aliyefiwa, naye anajisomea jinsi alivyopimwa. Anayeumia hapo zaidi ni mpokeaji. Riya ya mtoaji ataijua Mungu. Hali ni mbaya zaidi mchango unapokuwa wa mgonjwa na picha yake kitandani ikarushwa kundi hadi kundi. Katiba ya Kenya ya 2010 inailinda faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikafuata. Lakini adabu ya kusitiri ilikuwapo kabla ya zote mbili.

Je, haya yote si kuutamani mtaa ambao haukuwa mzuri kiasi hicho? Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito. Mtaa wa zamani wa Mombasa ulijua nani ni nani kwa sababu ulibagua. Ukoo, taifa, asili ya utumwa au ya bara, vyote viliamua nani atazikwa kwa heshima na nani atazikwa na wapita njia. Nyumba za baraza la mji, zilizochanganya watu wa pwani na wa bara, Waislamu na Wakristo, zililegeza ubaguzi huo kidogo, na kundi la simu limeulegeza zaidi: mwanamke anaandika humo palepale mwanamume anapoandika, na mpangaji wa mwezi jana anapata tanzia sawa na mzawa. Wala dini haijaamrisha kuogopa chombo kipya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoona mambo ya umma yanahitaji kusemwa alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, hapa hapa Mombasa. Aliliona gazeti kuwa mimbari nyingine. Tofauti ni kwamba gazeti lilikuwa na jina la mhariri juu yake, na aliyekuwa na hoja alijua pa kuipeleka.

Vyombo hivi vinaweza kubadilishwa kwa sababu za kimaadili, tumeshaona. Januari 2019 WhatsApp ilipunguza usambazaji wa ujumbe hadi makundi na watu watano kwa mara moja dunia nzima, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kuzungushwa sana ukaruhusiwa kwenda mahali pamoja tu kwa mara moja, yote ili kupunguza uvumi. Kwa hiyo anayesomea mambo haya hana haja ya kuikubali orodha ya mchango kama ilivyo. Anaweza kuuliza kwa nini kundi lisianze na kazi na majina: sanda ni ya nani, gari la nani, nani yuko na mfiwa hadi Isha, na fedha zitajwe kwa jumla tu. Watu wanaweza kuyafanya hayo hata leo bila programu mpya, mradi msimamizi wa kundi akubali kuwa kazi yake ni ile aliyoitaja al-Shatibi, kumsimamisha mwenye uwezo, na si kufuta matangazo ya mikopo tu.

Linalobaki gumu ni ghorofa. Rai moja mashuhuri, inayonasibishwa na al-Awzai, inaupima ujirani kwa nyumba arobaini kila upande. Mtu akiishi kwenye jengo refu, arobaini hizo zinapanda na kushuka kwa lifti, na kundi la wakazi linaweza kuwa mahali pekee ambapo majina yao yamewahi kukutana. Na wakazi hao si wa dini moja. Fiqhi haimdai Mkristo wa ghorofa ya juu amswalie Muislamu wa ghorofa ya chini, wala haimdai Muislamu aimbe kwenye ibada ya mazishi ya jirani yake. Lakini kuishikilia lifti ili jeneza lishuke, kuwachukua watoto wa wafiwa jioni ile, kuwapa wageni nafasi ya kuegesha magari, haya yanamwangukia yeyote aliye karibu na mwenye mikono, na kundi la jengo linaweza kumtaja kwa jina na namba ya mlango wake.